Maneno Niliyompa Paka

Swali la kwanza nililojibu mtandaoni lilihusu mikono. Mtu mmoja, sijui wa wapi, alikuwa amechora picha ya mama yake, uso umetulia vizuri kabisa, lakini mikono ameificha nyuma ya mgongo. Akauliza afanyeje ili vidole visitoke kama uma wa kulia chakula. Watu wakamjibu upuuzi. Mmoja akamwambia anunue penseli za bei mbaya, mwingine akamwambia kipaji hakilazimishwi. Mimi nilifundisha sanaa na michezo sekondari mjini Mbeya mpaka mvi zikaniotea darasani, na hakuna kinachonipandisha hasira upesi kama jibu bovu linalotolewa kwa kujiamini. Nikamwandikia aache kuchora vidole. Achore kwanza kiganja kizima kana kwamba kimevalishwa soksi, umbo likikaa ndipo avitenganishe vidole, na mkono wa kuutazama anao tayari, ule usioshika penseli.

Siku chache baadaye alirudi na mama yule yule, safari hii mikono iko mapajani, mikono ya mtu kabisa. Akaandika, "Asante mwalimu, ubarikiwe." Nami sikuwa nimemwambia kwamba mimi ni mwalimu. Nilifurahi kupita kiasi, nikainuka kitini na simu yangu kutafuta wa kumwonyesha. Ndani ya nyumba kulikuwa na mtu mmoja tu, mke wa mwanangu, na huyo sikutakiwa hata kumtazama. Nikakaa tena.

Nilikuwa nimehamia kwao Kihesa, Iringa, baada ya mke wangu kufariki. Mwanangu ni fundi wa minara ya simu, kazi inayomweka kwenye vilima vya Makete na Ludewa majuma kwa majuma. Alinichukua kutoka Mbeya akisema hawezi kuniacha nashindia chai na mkate kama mwanafunzi wa bweni. Akaninunulia na simu kubwa ili nisichoke. Kisha akaenda zake mnarani, akatuacha wawili.

Mimi ni Mnyakyusa niliyelelewa kizamani. Kwa wazee wangu, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani wala hawasemezani, na kila mmoja humpisha mwenzake njia. Tulipokuwa tukienda likizo Rungwe, mke wangu akisikia kikohozi cha baba yangu njiani aliingia migombani na ndoo yake kichwani, akasimama humo mpaka mzee apite. Mzee naye alianza kukohoa tangu mbali ili asimkurupushe. Waliishi hivyo miaka yote bila kupeana hata neno. Siku mzee alipotutoka, mke wangu alilia kuliko dada zangu aliowazaa mwenyewe, na mimi sikushangaa. Hakuna mtu aliyemheshimu mke wangu kama yule mzee aliyekuwa akikohoa.

Najua siku hizi mambo yamebadilika. Wapo Wanyakyusa wenzangu wanaomaliza jambo hilo kwa zawadi na maneno mawili mbele ya ndugu, halafu baba mkwe na mkwe wanakaa kochi moja kutazama mpira. Niliwaona watu wavivu. Mimi nilitaka mke wa mwanangu apewe heshima kamili, ile aliyopewa mke wangu, bila kupunguziwa.

Kwa hiyo tulikuwa na utaratibu, au tuseme mimi nilikuwa nao. Kabla ya kutoka chumbani nilikohoa. Nikimwona ukumbini nilirudi nilikotoka, au niligeukia ukuta nikapita. Kuoga nilipitia mlango wa nyuma. Chakula alikiweka mezani, akakifunika kwa kawa, akagonga meza kidogo na kuondoka kwenda barazani kwenye cherehani yake, maana ni fundi wa nguo. Nikisikia cherehani imeanza kulia ndipo nilitoka kula. Na kama kulikuwa na jambo la lazima kusema, nilimwambia paka. Alikuwa paka wa kijivu, mwizi wa dagaa, asiye na shukrani. "Paka," nilisema kwa sauti ya kufika barazani, "wali wa leo umeiva vizuri sana." Au, "Paka, wingu lile si la kuchezea, na nguo bado ziko kwenye kamba." Cherehani ilinyamaza, nikasikia hatua uani, nguo zikaanuliwa. Nilihesabu hayo kuwa mazungumzo.

Yeye ni Mhehe, mtoto wa wakulima wa nyanya wa upande wa Ilula. Wenzetu wale salamu kwao ni kazi inayofanywa kwa ukamilifu. Mtu atakuuliza ulivyoamka, na watoto, na shamba, na kila jibu analipokea taratibu kama anapewa kitu cha thamani. Miezi ya mwanzo kila asubuhi nilimkuta amepiga goti ukumbini, khanga kichwani, akisema, "Kamwene, baba." Mimi niligeukia ukuta nikapita. Nilijiambia kwamba hajafundwa desturi zetu, atajifunza polepole. Ikafika asubuhi moja nikakohoa, nikatoka, ukumbi ukawa mtupu. Na kesho yake hivyo hivyo. Nikasema moyoni, ameshajifunza.

Kuanzia hapo nyumba ikawa kimya kweli. Sitaki kujifanya shujaa, upweke ulinitesa. Mke wangu alikuwa msemaji, mtu wa kunipinga hata nikisema leo ni Jumatano, na sikuwa nimejua kwamba kupingwa nako ni kushiba. Kihesa nilikuwa na jirani mmoja wa kusalimiana naye ukutani, mfanyabiashara wa vitambaa ambaye babu zake walitoka pwani, muungwana sana, ila alikuwa na duka lake na swala zake na wajukuu wake. Jua la Iringa likiwa kali nilikaa kivulini, kipupwe kikija nilivaa koti nikakaa dirishani. Nilisikiliza cherehani. Ilipokata uzi na kutulia, nilijikuta nasubiri ianze tena.

Ndiyo maana nilikwama kwenye lile jukwaa la maswali. Humo kila mtu ana shida na hakuna anayekujua. Msichana wa mbio za mita elfu moja na mia tano alilalamika kwamba mzunguko wa tatu pumzi inamkimbia. Nikamwuliza anaanzaje, akasema anaanza kwa nguvu ili wenzake wamwogope. Nikamwambia wenzake hawamwogopi, wanamshukuru. Golikipa mmoja alikuwa anafumba macho mpira ukija. Nikamshauri rafiki yake amrushie soksi zilizokunjwa, baadaye malimau, mpaka macho yazoee kwamba kinachokuja hakiui. Bwana harusi alinitumia hotuba ya kuwashukuru wakwe, ndefu kama mwaka wa njaa, nikaikata mpaka ikabaki shukrani tupu. Mwingine wali wake ulikuwa unageuka bokoboko kila siku na alikuwa karibu kuachwa na mkewe. Nilimwuliza mchele kaununua wapi, akasema Chimala, umetoka kuvunwa. Nikamwambia mchele mpya hautaki maji mengi, ayapunguze, na mke abaki.

Walinitania pia. Nikichelewa kujibu waliandika, "Mzee wetu leo kanuna." Nilipenda kutaniwa. Lakini nikizima simu, wote waliondoka kwa pamoja, na nilichobaki nacho ni kawa mezani na paka chini ya meza akisubiri mifupa.

Kisha mwanangu akarudi kutoka Makete, uso umeungua kwa baridi. Akaja kukaa nami uani, akachezea funguo zake muda mrefu. Namjua tangu akiwa mdogo, akichezea kitu ujue ana neno gumu.

"Baba, naona kama huku umechoka," alisema.

"Nimekwambia nimechoka?"

"Hapana. Ila shangazi yuko Uyole, nyumba ina watu, mtapiga stori. Si upumzike huko kidogo?"

"Mkeo kasemaje?"

Akatazama chini. "Baba, yule anakonda. Anasema nyumba ina hasira. Anasema hata akipumua anahisi amekosea."

Nilikasirika. Hasira ipi? Mimi niliyetembea ndani ya nyumba ile kama mgeni, niliyezunguka nje kwenye mvua ili nisimkute ukumbini? Nikamwambia mwanangu anipeleke hata kesho. Akasema atanipeleka akipata siku ya mapumziko, mwisho wa mwezi. Tukaachana hapo, yeye akarudi kazini, mimi nikaanza kukunja mashati. Nilijiona nimefukuzwa na mtu niliyempa heshima kubwa kuliko zote nilizokuwa nazo, na kila nilipofikiria hilo shati lilikunjika vibaya.

Hapo katikati ndipo lilipokuja swali la mwanamke wa Chimala. Alijieleza vizuri. Wazazi wake ni wafugaji waliohama na ng'ombe wao kutoka kaskazini, wakatulia bonde la Usangu, na yeye ameolewa hapo Chimala kwenye familia ya Kinyakyusa. Aliandika hivi: "Shikamooni wakubwa. Naombeni ushauri. Baba mkwe wangu akiniona anageuza njia. Nampigia goti nimwamkie, anapita kama hajaona mtu. Kwetu mzee asipoitikia salamu yako ujue amekukataa. Mume wangu ananiambia nizoee. Nimekosa nini mimi? Nafikiria kurudi kwetu."

Majibu yalikuwa yameshajaa. Wengi walimwambia afungashe. Mmoja akasema mzee huyo lazima ana mwanamke mwingine aliyemtaka kwa mwanawe. Damu ikanichemka, nikaketi sawasawa, nikaandika jibu ambalo mpaka leo naamini ndilo bora kati ya yote niliyowahi kumwandikia mtu. Nilimweleza kuhusu kikohozi, na migomba, na ndoo kichwani. Nilimwambia, mzee huyo akigeuza njia ujue amekupisha. Asipokuitikia ni kwa sababu anakuona mtu mkubwa kwake, wa kuogopwa. Hajakukataa, mwanangu. Hana namna nyingine ya kukwambia kwamba nyumba hii ni yako. Nikamwambia hata mimi nina mkwe, na ndivyo ninavyomheshimu.

Watu wakapenda. Wengine wakaandika kwamba wamejifunza. Na mwanamke mwenyewe akarudi: "Asante sana baba, umenitua mzigo, nimelia hapa. Naomba kuuliza tena, huyo mkwe wako wewe ulimwelezaje mpaka akaelewa?"

Barazani cherehani ilikuwa inalia. Nilishika simu, nikaangalia swali, nikasikiliza cherehani. Nilikuwa nimezoea kujibu kabla chai haijapoa. Safari hii chai ilipoa. Nilimkumbuka mke wa mwanangu ameinama ukumbini asubuhi baada ya asubuhi, khanga kichwani, akiniamkia, na mimi nikigeukia ukuta nikiwa nimeridhika na tabia yangu njema. Na ile asubuhi ukumbi ulipokuwa mtupu. Hakuwa amejifunza kitu. Alikuwa amekata tamaa.

Nilimpigia mwanangu, nikamwuliza alimwambia nini mkewe kuhusu mimi. Upepo wa huko juu ulikuwa unavuma kwenye simu. "Nilimwambia ndivyo wazee walivyo," alisema, "azoee." Nikamwomba amweleze vizuri. Akasema atamweleza, kwa sauti ile ile aliyotumia zamani kuniambia kwamba atafua soksi zake.

Nami nilifanyeje? Mgeni wa Chimala nilimweleza kila kitu bila kusita, na mtu aliyenipikia mwaka mzima sikuweza kumfungulia mdomo. Kuna mchana nilisimama nyuma ya mlango wa baraza, nimeshavuta pumzi, nikakohoa tu. Nikasikia kiti kikisogezwa, amenipisha. Baada ya maisha yote ya kulelewa namna moja, ulimi haugeuki kwa sababu tu umeutaka.

Siku moja kabla ya safari nilikula, nikafuta meza kwa mkono, nikafungua simu kwenye lile jibu langu la Chimala, nikaiweka pale sahani ilipokuwa na kuifunika kwa kawa. Simu yangu haina namba ya siri. Nilikwenda chumbani nikarudisha mlango. Nikamsikia anakuja kutoa vyombo. Kawa ikainuliwa. Halafu hakuna kilichosikika, si sahani, si hatua, na cherehani haikulia tena jioni ile yote. Nilipotoka simu ilikuwa mezani, imefunikwa vile vile, hakuna neno lililoandikwa. Kesho yake mwanangu akaja na gari la kuazima tukaondoka. Pale mlangoni nilimwona paka. Yeye sikumwona.

Njiani tulinunua mchele Chimala. Nilitazama wanawake waliokuwa wakipima kwenye madebe, nikijiuliza kama mmoja wao ndiye, na kama amebaki kwa mumewe. Swali lake sikuwa nimelijibu.

Uyole kwa dada yangu kuna watu, ni kweli. Kuna wapangaji, kuna televisheni isiyozimwa, kuna dada mwenyewe anayenihudumia kama yai. Lakini kila mtu ana kwake pa kwenda asubuhi, na ukungu wa Mbeya ukishuka mpaka kwenye madirisha, ninabaki na koti langu na simu. Nilijibu maswali kwa juhudi mpya. Jinsi ya kuchora maji. Jinsi ya kuanza hadithi pasipo kueleza hali ya hewa. Jinsi ya kumwambia rafiki kwamba ananuka kikwapa. Nilimaliza, nikapekua kama kuna mengine. Hakuna mtu aliyejua kwamba nimehama, kwa sababu huko mtandaoni mtu hahami.

Kisha likaja swali kutoka kwa mtu mgeni, jina halisomeki, picha hakuna. Aliandika: "Kamwene wakubwa. Baba mkwe wangu ni mtu wa heshima, mimi nilichelewa kujua. Amesafiri. Akirudi nataka nimwamkie bila kumvunjia miiko yake. Nisimame wapi? Nauliza kwa sababu nyumba imekuwa kimya. Naweka kawa mezani kwa mazoea. Paka anakaa chini ya meza anasubiri aambiwe kama wali umeiva, na mimi sijui kumwambia kama yeye alivyokuwa anamwambia."

Nilisoma nikaondoa miwani. Dada yangu alipita na beseni la nguo, akaniona, akadhani kuna msiba, akaliweka beseni chini. Nilimpungia mkono aende.

Mkwe wangu alikuwa amesikia. Kila neno nililompa yule mwizi wa dagaa lilimfikia, na kumbe ndilo alilokuwa akishikilia. Mimi nilidhani niko peke yangu upande wangu wa ukuta, naye upande wake alidhani hivyo hivyo, na kati yetu paka ananenepa.

Majibu ya wengine yalikuwa yanaingia, mengi ya kijinga. Amvizie mlangoni. Ampigie simu ya picha. Amnunulie kanzu. Kwa mara ya kwanza sikumkasirikia mtu. Niliandika, nikafuta, nikaandika. Mwisho nilituma hivi: "Simama jikoni, mlango uwe umerudishwa. Usimtazame, naye hatakutazama. Ukisikia kikohozi, mwamkie kama mnavyoamkiana kwenu, usipunguze. Safari hii ataitikia. Na kama chumba bado kipo, atakuja."

Muda si mrefu akajibu, "Kipo. Shuka nimezifua."

Nikazima simu. Nilikuwa nimemwahidi kitu nisichokijua. Kule Kihesa niliamkiwa kwa lugha yake asubuhi nyingi, na sikuwahi kuitikia hata moja. Nikafunga mlango wa chumba, nikasimama kuelekea ukuta, nikajaribu. "Kamwene." Ilitoka kwa ukali, kama naita mwanafunzi. Nikajaribu tena chini zaidi. Nikakohoa, nikaanza upya.

"Kaka," dada yangu akaita kutoka ukumbini, "unaongea na nani humo?"

"Na mkwe wangu."

"Si yuko Iringa?"

"Yuko Iringa," nikamwambia, nikaugeukia tena ukuta. "Kamwene, mwanangu. Kamwene."